Umri, Mashinikizo ya Nje na Uadilifu Kazini

Katika ofisi, viwanda na maduka husikika kauli mbili zinazopingana kuhusu umri na uadilifu. Kwa kauli ya kwanza, funguo za sanduku la fedha apewe mtu mzima, kwa kuwa kuishi kwingi ni kuona mengi, na aliyeona mengi hujua njia ya mkato inakoishia. Kwa kauli ya pili, heri kijana aliyetoka masomoni jana, kwa sababu bado hajazifahamu hila za kazi wala hajabanwa na madeni. Kila upande una mifano yake, na kila mfano una jina la mtu anayejulikana mtaani. Lakini mifano ya namna hiyo, hata ikiwa mingi, haithibitishi jambo. Yahitajika kupima.

Kwa zaidi ya nusu karne wataalamu wa saikolojia wamejaribu kulipima jambo hili, na matokeo yao hayaupi ushindi upande wowote wa mabishano hayo. Umri hubadili sana namna mtu anavyofikiri juu ya haki na batili. Hata hivyo, saa ya kutenda inapofika, haraka, amri ya mkubwa, deni la nyumbani au hofu ya kumpoteza mteja huwa na nguvu juu ya kijana na mzee pia.

UMRI NA NAMNA YA KUFIKIRI

Uchunguzi uliojulikana zaidi kuhusu umri na maadili ulianzishwa na Lawrence Kohlberg, Mmarekani aliyewasilisha tasnifu yake katika Chuo Kikuu cha Chicago mwaka 1958. Aliwahoji wavulana 72 wenye umri wa miaka 10 hadi 16, akiwapa hadithi fupi zenye mgogoro wa maadili. Hadithi moja ni ya mume ambaye mkewe yu mahututi; dawa ipo, lakini mwenye kuiuza anataka bei ambayo mume hawezi kuilipa. Je, aibe dawa? Kohlberg hakujali sana kama mtoto alijibu ndiyo au siyo. Alichunguza sababu aliyoitoa. Watoto wadogo aghalabu walitaja adhabu na faida: atafungwa, au atampoteza mpishi wake. Wakubwa zaidi walitaja sifa njema, wajibu na sheria za nchi. Wachache, walipokuwa watu wazima, walitaja kanuni zinazozidi sheria yenyewe, kama vile thamani ya uhai. Kohlberg na wenzake waliendelea kuwahoji wengi wa wavulana hao kwa takriban miaka 20, nao walionekana kupanda ngazi hizo kwa mfuatano kadiri walivyokua.

Nadharia hiyo imekosolewa kwa haki. Mwaka 1982 Carol Gilligan alionyesha kasoro ya kujenga kipimo cha binadamu wote juu ya majibu ya wavulana peke yao. Kabla ya hapo, mwaka 1975, Carolyn Pope Edwards alichapisha uchunguzi alioufanya nchini Kenya. Huko, watu wazima walioheshimiwa katika jamii zao kwa busara walipata alama za chini katika kipimo cha Kohlberg kuliko wanafunzi wa chuo kikuu. Je, yawezekana kijana wa miaka 21 awe na hekima kuliko mzee anayeitwa kila kunapozuka ugomvi wa shamba? Edwards alieleza kuwa ngazi za juu za kipimo zinahitaji mtu awe amezoea kufikiri kwa misingi ya taasisi kubwa, yaani mahakama, ofisi za serikali na sheria zilizoandikwa. Mzee anayesuluhisha watu anaowajua kwa majina na kwa ukoo hana haja ya lugha hiyo. Mtafiti mwingine, James Rest, aliyebuni mtihani wa maandishi wa kupima fikira za maadili, alikuta pia kuwa miaka ambayo mtu amekaa shuleni hutabiri alama zake vizuri kuliko miaka ya kuzaliwa kwake. Kwa hiyo neno ‘umri’ lenyewe limebeba mambo kadhaa kwa pamoja: elimu, majukumu, cheo na muda wa kukaa kazini. Asiyeyatenganisha hatapata jibu.

Hayo yote ni kuhusu fikira. Kuhusu vitendo, kipimo kizuri kilichapishwa mwaka 2019 na Philipp Gerlach, Kinneret Teodorescu na Ralph Hertwig. Walikusanya pamoja matokeo ya majaribio 565 yaliyohusisha watu 44,050 ambao walipewa nafasi ya kudanganya kwa faida ndogo, kwa mfano kwa kutaja namba ya dadu ambayo hakuna mwingine aliyeiona. Kwa makadirio yao, uwezekano wa kudanganya ulikuwa kama asilimia 47 kwa mtu wa miaka 20, na kama asilimia 36 kwa mtu wa miaka 60. Tofauti ipo, na inaelekea upande wa wale wanaowaamini wazee. Lakini ni ndogo mno kwa mwajiri anayetaka kumchagua mtunza fedha kwa kutazama mvi.

Zaidi ya hayo, ukitazama fedha halisi zinazopotea kazini picha hugeuka. Chama cha kimataifa cha wachunguzi wa udanganyifu, chenye makao yake Texas, Marekani, hukusanya taarifa za wizi uliofanywa na wafanyakazi katika nchi nyingi. Taarifa zake zimeonyesha mara kwa mara kuwa hasara huongezeka kadiri umri wa mhalifu unavyoongezeka. Sababu haiko mbali: mwenye umri mkubwa aghalabu ana cheo kikubwa, na mwenye cheo ndiye anayetia sahihi hundi kubwa. Karani kijana hata akitaka kuiba mamilioni hana mlango wa kuyafikia.

KUTOKA FIKIRA HADI KITENDO

Kwa nini basi fikira zikue sana na umri, na vitendo vibadilike kidogo? James Rest alitoa maelezo yanayomfaa sana mwalimu. Alisema kitendo cha uadilifu kinahitaji mambo manne. Mfano wa mtihani utayafafanua. Mwalimu msimamizi anaona kijikaratasi chini ya dawati la mtoto wa mwenyekiti wa kamati ya shule. Kwanza lazima atambue kuwa hapo pana jambo la maadili, si takataka tu iliyoanguka. Pili, aamue lipi lililo sawa. Tatu, alipe jambo hilo uzito kuliko mengine anayoyataka, kama vile nyumba ya shule anayoitarajia kutoka kwa kamati hiyo hiyo. Nne, astahimili kulitekeleza mbele ya macho ya watu, akiandika taarifa na kutia sahihi.

Umri na elimu husaidia hasa hatua ya pili. Mashinikizo ya nje hushambulia zile tatu nyingine.

Haraka hushambulia hatua ya kwanza. Mwaka 1973 John Darley na Daniel Batson walichapisha jaribio walilolifanya kwa wanafunzi 40 wa seminari ya teolojia huko Princeton, Marekani. Kila mmoja alitakiwa aende jengo la pili kutoa hotuba fupi. Baadhi waliambiwa wazungumzie mfano wa Msamaria Mwema, wengine wazungumzie kazi ambazo wahitimu wa seminari wangeweza kuzifanya. Njiani aliwekwa mtu aliyejikunja mlangoni, akikohoa na kuugua. Miongoni mwa wale walioambiwa kuwa wana muda wa kutosha, asilimia 63 walisimama kumsaidia; miongoni mwa wale walioambiwa wamekwisha chelewa, asilimia 10 tu. Somo la hotuba halikuleta tofauti ya kutegemewa. Mtu aliweza kumpita mgonjwa huku akifikiria maneno ya kumsifu Msamaria. Waswahili husema haraka haraka haina baraka. Jaribio hili laongeza kuwa haraka pia hupunguza uwezo wa kuona.

Cheo hushambulia hatua ya nne. Mwaka 1966 daktari Charles Hofling na wenzake walichapisha jaribio lililofanyika katika hospitali za Marekani. Muuguzi aliyekuwa zamu alipigiwa simu na mtu aliyejitambulisha kuwa ni daktari, ambaye muuguzi hakuwahi kumwona. Aliagizwa ampe mgonjwa miligramu 20 za dawa iliyoitwa Astroten. Kibandiko cha chupa kilieleza kuwa kiasi cha juu kabisa kwa siku ni miligramu 10. Dawa hiyo haikuwamo katika orodha ya dawa zilizoruhusiwa wodini, na kanuni zilikataza kupokea amri ya dawa kwa simu. Kati ya wauguzi 22, wauguzi 21 waliitayarisha na kuanza kwenda nayo kitandani kwa mgonjwa, ndipo wakazuiwa. Dawa yenyewe ilikuwa sukari tu.

Watafiti hawakuishia hapo. Waliwaeleza hali hiyo hiyo, kwa maandishi, wauguzi wengine 12 waliokwisha hitimu na wanafunzi 21 wa uuguzi, wakawauliza wangefanya nini. Wahitimu 10 kati ya 12 walisema wangekataa. Wanafunzi walisema hivyo wote 21. Kijana aliye bado darasani hajui uzito wa sauti ya mkubwa saa ya usiku wodini, kwa hiyo hujibu kwa uhakika kamili. Mwalimu anayesahihisha insha juu ya uaminifu yafaa akumbuke hesabu hiyo.

Mashinikizo mengine hutoka nje kabisa ya mahali pa kazi. Donald Cressey, katika kitabu alichokitoa mwaka 1953, aliwahoji zaidi ya wafungwa 100 katika magereza ya Marekani, ambao walikuwa wameaminiwa fedha kazini wakazitumia wenyewe. Wengi wao hawakuingia kazini kwa nia ya kuiba. Cressey alikuta mambo matatu yakikutana: shida ya fedha ambayo mtu aliona aibu kumweleza yeyote, ujuzi wa jinsi ya kuchukua bila kuonekana, na maneno ya kujihalalishia, hasa neno ‘kukopa’. Hapa umri wa kati ndio wenye hatari yake. Kijana ana shida, lakini aghalabu anaweza kuitangaza nyumbani bila fedheha. Mtu mzima anayetegemewa na ukoo, anayelipa ada za watoto wa ndugu na kuonekana kama nguzo, ndiye anayeona haya kusema kuwa ameshindwa.

USIKU WA TAREHE 27 JANUARI 1986

Tukio moja, lililochunguzwa kuliko mengi mengine, linaonyesha mashinikizo hayo yakifanya kazi kwa pamoja juu ya watu ambao umri na elimu yao haviwezi kutiliwa shaka.

Chombo cha anga Challenger cha Marekani kilikuwa kirushwe asubuhi ya tarehe 28 Januari 1986 kutoka Florida, baada ya kuahirishwa mara kadhaa. Roketi zake mbili za kando zilitengenezwa na kampuni ya Morton Thiokol huko Utah. Kila roketi iliundwa kwa vipande vilivyounganishwa, na katika maungio kulikuwa na pete za mpira za kuzuia gesi ya moto isipenye. Mpira ukipata baridi hukakamaa, hauwahi kujitanua na kuziba nafasi. Katika urushaji wa Januari 1985, maungio yalipokuwa na joto la nyuzi 12 hivi za Selsiasi, masizi yalionekana yamepenya pete ya kwanza. Usiku huo wa 1986 utabiri wa hali ya hewa ulikuwa wa baridi kali kuliko hiyo.

Wahandisi wa Thiokol, miongoni mwao Roger Boisjoly aliyekuwa na umri wa miaka 47, walizungumza kwa simu na maofisa wa shirika la anga NASA, wakashauri chombo kisirushwe chini ya nyuzi 12. Maofisa wa NASA walionyesha wazi kutoridhika. Mmoja aliuliza kama kampuni ilitaka wangoje mpaka Aprili. Thiokol iliomba dakika tano za kushauriana yenyewe, ikatumia kama nusu saa. Humo mkubwa mmoja alimwambia makamu wa rais wa uhandisi avue kofia ya mhandisi avae ya meneja. Wahandisi hawakupigiwa kura. Mameneja wanne ndio walioamua. Simu ilipounganishwa tena, kampuni ilishauri chombo kirushwe. Mwakilishi wake huko Florida, Allan McDonald, mwenye umri wa miaka 48, alikataa kutia sahihi, ikabidi sahihi itolewe na meneja mwingine kutoka Utah. Asubuhi, sekunde 73 baada ya kuruka, chombo kilivunjika angani. Watu saba walikufa, mmoja wao mwalimu wa shule ya sekondari, Christa McAuliffe.

Waliokataa na waliokubali walikuwa watu wa makamo, waliosomea kazi moja na kuzitazama takwimu zile zile. Umri hauwatenganishi. Kilichowatenganisha usiku ule ni mahali ambapo kila mmoja alikuwa amekalia: nani alikuwa karibu na pete za mpira, na nani alikuwa karibu na mkataba wa mteja mkubwa.

Msosholojia Diane Vaughan, katika kitabu chake cha mwaka 1996, aliongeza jambo linalohusu umri kwa njia nyingine. Alionyesha kuwa mameneja hawakuwa watu walioamua kwa makusudi kuhatarisha maisha. Kwa miaka kadhaa vyombo vilikuwa vikirudi salama vikiwa na pete zilizoliwa na moto, na kila kilichorudi kilihesabiwa kuwa ushahidi kwamba kasoro ile yavumilika. Basi kukaa kazini muda mrefu kuna ncha mbili: humfundisha mtu kuitambua hatari, na humzoeza kuiona kuwa ya kawaida. Dereva aliyeendesha miaka kumi na breki mbovu bila ajali ana uzoefu mkubwa, lakini uzoefu wake unamwambia uongo.

KUBADILI HALI BADALA YA KUNGOJA UMRI

Ikiwa hali ina nguvu kiasi hicho, habari njema ni kwamba hali yaweza kupangwa upya. Mwaka 1977 Steven Rank na Cardell Jacobson walilirudia jaribio la wauguzi kwa tofauti chache. Dawa iliyotajwa ilikuwa ikijulikana kwa wauguzi, daktari alitajwa kwa jina linalofahamika hospitalini, na muuguzi aliweza kuzungumza na wenzake kabla ya kutenda. Safari hii wauguzi 16 kati ya 18 hawakuitekeleza amri. Ujuzi, na mwenzi wa kumwuliza ‘Wewe waonaje?’, vilitosha kugeuza hesabu.

Historia ya Tanzania ina mfano wake. Masharti ya uongozi yaliyotolewa pamoja na Azimio la Arusha mwaka 1967 hayakuuliza umri wa kiongozi wala sifa zake. Yalimkataza mambo kama kuwa na hisa katika makampuni na kupokea mishahara miwili, yaani yalikusudia kuuondoa mvuto wa nje kabla haujamfikia. Kama masharti hayo yalikuwa makali mno ni suala lililobishaniwa sana. Yalilegezwa huko Zanzibar mwaka 1991, na sheria ya maadili ya viongozi wa umma ya mwaka 1995 ikaelekea zaidi kwenye kutangaza mali. Njia zote mbili, hata hivyo, zinashughulikia mazingira ya mtu pamoja na tabia yake.

ZOEZI LA DARASANI

Jaribio lililobuniwa na Urs Fischbacher na Franziska Föllmi-Heusi, likachapishwa mwaka 2013, laweza kurudiwa katika shule yoyote kwa dadu moja, kikombe na karanga. Katika jaribio la asili mtu alirusha dadu peke yake, akaandika namba, akalipwa kwa kadiri ya namba hiyo, ila 6 haikulipwa kitu. Kwa bahati tupu kila namba ingetokea kama mara 17 katika 100. Lakini namba 5, yenye malipo makubwa kuliko zote, iliandikwa na asilimia 35, na namba 6 na asilimia 6.4 tu. Hakuna aliyechunguzwa, hata hivyo udanganyifu wa kundi ulionekana.

Kwa ajili ya darasa, mwalimu aweke dadu nyuma ya pazia. Katika duru ya kwanza kila mwanafunzi arushe mara moja na kuandika namba katika karatasi isiyo na jina, bila malipo yoyote. Katika duru ya pili ajichukulie mwenyewe karanga kulingana na namba yake, hata hiyo 6. Katika duru ya tatu malipo yawe yale yale, lakini kila mmoja apewe sekunde 20 tu, huku foleni ikimhimiza. Kazi yote irudiwe katika Kidato cha Kwanza na cha Nne, na ikiwezekana miongoni mwa walimu wenyewe. Wastani wa dadu ya haki ni 3.5. Kwa watu 60, wastani wowote kati ya 3.1 na 3.9 waweza kutokea kwa bahati. Ukizidi hapo, jambo lingine limeingia.

Baada ya kuchora grafu za duru zote, wanafunzi wajadili maswali yafuatayo:

1. Tofauti ipi ni kubwa zaidi, ile iliyo kati ya vidato au ile iliyo kati ya duru?

2. Ikiwa wastani wa darasa umefikia 4.6, kwa nini bado haiwezekani kumnyoshea kidole mwanafunzi yeyote?

3. Mwanafunzi aliyekuwa wa mwisho kwenye foleni aliwaona wenzake wakitoka na karanga nyingi. Ni hatua ipi kati ya zile nne za Rest iliyoshambuliwa?

4. Kama McDonald angekuwa mhandisi wa miaka 25 aliye katika mwezi wake wa tatu kazini, ni nini kingekuwa kigumu zaidi kwake, na ni nini labda kingekuwa chepesi zaidi?